Masikio ya Mama Tae-gon

Kwetu kisiwani Yeongdo ukiwakuta vikongwe watatu kwenye benchi la mbele ya duka wanapayuka mpaka mishipa ya shingo imewatoka, usikimbilie kuamua ugomvi. Wanaulizana kama wamekula. Mmoja atauliza, mwingine atajibu jambo ambalo hakuulizwa, wa tatu atacheka kwa kuwa wenzake wamecheka, na mtaa mzima utajua kwamba Mama Deok-su hajapata choo tangu juzi. Mmoja wa vikongwe hao ni mama yangu. Wageni kutoka Busan mjini huwa wanasimama kuwapiga picha, nami huwa nawafukuza.

Mama jina lake ni Ok-bun, ila sidhani kama yuko aliye hai anayemwita hivyo. Ni Mama Pil-sun, na Pil-sun ndiye mimi. Baba alipanda meli ya uvuvi wa mbali nikiwa sijaota meno ya ukubwani, meli ikarudi, yeye hakurudi. Kabla ya mwezi kwisha mama alikuwa chelezoni, pale meli zinapopandishwa nchi kavu, ana nyundo mkononi na kitambaa kichwani.

Kazi yenyewe ilikuwa kugonga kutu. Meli inakuja imevaa kutu na makombe ya bahari, wanawake wananing'inizwa ubavuni mwake juu ya ubao wenye kamba huku na huku, wanagonga mpaka chuma kionekane kama kilivyozaliwa. Kang, kang, kang, asubuhi hadi jioni. Huko nje kulikuwa na nafuu. Balaa lilikuwa ndani ya matangi ya meli, ambamo unaingia kwa kutambaa, kisha mlio wa nyundo yako unakurudia usoni pamoja na milio ya wenzako. Wanaume walichomelea na kupaka rangi. Kugonga walituachia sisi, wakisema ni kazi ya wajane, na kweli wengi walikuwa wajane.

Matangini hakuna aliyemsikia mwenzake. Walisomana midomo, wakapiga umbeya kutwa nzima bila kutoa sauti, wakachekana, wakatukanana. Mpaka leo mama anaweza kusoma mdomo wa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mkwe wangu aliwahi kumteta akiwa nyuma ya dirisha la jikoni, na mama akamjibu palepale kutoka uani. Tangu siku hiyo mkwe wangu akitaka kuteta huenda chooni.

Nyapara wao alikuwa Mama Tae-gon. Mfupi, mabega mapana, ulimi pilipili tupu. Ndiye aliyekwenda kugombana na msimamizi, ndiye aliyewatafutia meli, na ndiye aliyepanga nani anaingia tangini na nani anabaki nje. Mama alipofika siku ya kwanza, macho hayabanduki kwenye mawe ya chini, ndiye aliyemfunga kitambaa kwa mikono yake mwenyewe na kumwambia, "Usitazame chini, mdogo wangu. Chini hakuna mshahara." Mama alipougua homa ya mapafu, Mama Tae-gon aligonga sehemu yake na ya mama, jioni akaja na sufuria ya uji wa shayiri, akaninywesha na mimi. Mama alimpenda kuliko alivyowapenda ndugu zake wa tumbo moja. Siongezi chumvi.

Hapo mwanzo wote waliziba masikio. Walichomoa pamba kwenye magodoro, wakaisokota, wakaisukumia ndani. Kisha siku moja ubao wa Mama Yang-ho ulikuwa unahamishwa. Mtu wa kamba akapiga ukelele kumtahadharisha, lakini mwenzetu ana pamba masikioni, hakusikia, akaendelea kugonga na mwili wote umeelemea mbele. Alianguka mpaka kwenye mawe ya chelezo. Aliacha watoto wadogo, na mumewe alikuwa mgonjwa wa kitandani.

Tangu siku hiyo Mama Tae-gon alipiga marufuku pamba. Kila asubuhi aliwapanga mstari, akapitisha vidole chini ya kitambaa cha kila mmoja, akachungulia sikio hili na lile. Ukikutwa nayo unarudi nyumbani. Walipolalamika kwamba vichwa vinapasuka, aliwaonyesha viganja vyake. "Hivi viliuma au havikuuma? Si vimeota sugu? Na sikio litaota sugu. Vumilieni, mtanishukuru."

Wakavumilia. Na kweli baada ya miaka kadhaa maumivu yalikwisha, wakaambiana, "Dada alisema kweli, sugu limeota." Walifurahia kufa kwa masikio yao wakidhani wamekomaa. Nikikumbuka jinsi walivyojisifu, kwamba wao ni wanawake wa masikio ya chuma, natamani kulia na kutukana kwa pamoja.

Nami nilikwenda chelezoni nilipofika miaka kumi na saba. Siku ya tatu tuliingizwa tangini, na nilipotoka nilitapika. Kesho yake nikajaza pamba nikashusha kitambaa mpaka kwenye nyusi. Mama aliniona kabla ya nyapara kuniona. Alinivuta nyuma ya mapipa ya rangi, akaichomoa pamba kwa kucha zake na kunizaba kofi.

"Unataka kufa kama Mama Yang-ho? Unataka kunitia aibu mbele ya dada?"

Sikuziba tena. Niligonga mpaka nilipoolewa. Siku hizi nauza keki za samaki karibu na daraja. Sikio langu la kulia lipo kwa ajili ya kutundikia hereni tu. Ndani yake kuna mluzi usiolala, kama birika lililosahauliwa jikoni. La kushoto linasikia, nashukuru.

Chelezo zikapunguza watu, mashine za kupuliza mchanga zikaja, wanawake wakazeeka. Wote wakawa viziwi, na Mama Tae-gon naye pamoja nao. Alipayuka kama wao, aliweka kiganja nyuma ya sikio kama wao, alifungulia televisheni mpaka majirani wakahama. Mama alikuwa akisema, kwa fahari kabisa, "Tulipoteza masikio pamoja. Hakuna aliyemwacha mwenzake." Hilo ndilo lililompa mama moyo wa kuubeba uziwi wake bila manung'uniko. Hakusikia harusi ya mwanangu, hakusikia mjukuu akijifunza kusema, na bado akasema haidhuru, kwa sababu dada naye hasikii.

Sasa majira ya kuchipua yaliyopita, watu wa ofisi ya kata walikuja na habari kwamba wanawake wote waliogonga kutu watapimwa masikio bure hospitali, na watakaoonekana wameharibika watapewa vifaa vya kusikilizia. Mama Deok-su akaanza kutafuta nguo za kuvaa siku hiyo hiyo. Mama Tae-gon akakataa.

"Mimi nimeshazeeka. Nisikie nini tena? Redio ya makaburini?"

"Utakwenda!" mama alimpigia kelele. "Tuliingia pamoja matangini, tutaingia pamoja hospitali!"

"Sitaki!"

"Asante, basi kesho saa tatu!" alijibu mama, ambaye safari hiyo hakuwa ametazama mdomo. Asubuhi alikwenda kumtoa nyumbani kwake kwa kumshika mkono, mimi nikiwa nyuma nimebeba mikoba ya wote. Mama Tae-gon alikuwa mnyonge sana ndani ya basi. Nilidhani anaogopa sindano.

Chumba cha kupimia kilikuwa na ukuta wa kioo, na benchi la kusubiria lilitazamana nacho. Mpimaji alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Bi Cha, mcheshi, aliyezoea wazee. Aliniomba niingie na kila mmoja ili nimsaidie kueleza. Unavalishwa vifaa masikioni, unashika kitufe, ukisikia mlio hata kama ni hafifu, unabonyeza. Rahisi.

Mama Deok-su alibonyeza kabla mashine haijawashwa. Akabonyeza tena, na tena, hakupumua.

"Bibi, unasikia nini?" Bi Cha aliandika kwenye karatasi, akamwonyesha.

"Miluzi! Mingi! Mashine yako nzuri sana!"

Ilikuwa miluzi ya kichwani mwake mwenyewe. Tulicheka, naye akacheka, halafu Bi Cha alipomaliza kazi yake hakuwa anacheka tena. Mama alifuata. Alikaa wima kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, kidole juu ya kitufe, macho yamemtoka kwa bidii. Milio ikapanda mpaka mimi niliyekuwa pembeni niliisikia ikivuja nje ya vile vifaa. Mama hakubonyeza. Kidole chake bado kilikuwa kinasubiri, na mimi nikatazama sakafu.

Akaingia Mama Tae-gon. Mkoba wake aliuweka mapajani. Milio ikaanza, yeye kimya. Ikapanda, kimya. Mara akabonyeza, mara hakubonyeza mlio uleule. Bi Cha alirudia kipimo, majibu yakawa mengine kabisa. Akamvua vile vifaa, akavua na miwani yake mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti, na kwa sauti ya chini, sauti ya kumwambia mtu siri, akasema, "Bibi, mkoba wako unaanguka."

Mama Tae-gon akaukamata mkoba.

Nilidhani ni bahati tu. Lakini Bi Cha alishatabasamu. Akamlaza kitandani, akambandika nyaya kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, akasema safari hii hahitaji kujibu lolote, mashine itauliza ubongo wenyewe. Ilichukua muda. Mama Tae-gon alilala macho wazi anatazama dari, na chozi moja likamteremka likaingia sikioni.

"Haya, amka, Bibi," Bi Cha alisema baadaye, uso ameuelekeza kwenye kioo. "Una masikio mazuri kuliko ya dada yangu, na yeye ni mwalimu. Umegonga kutu miaka mingapi?"

"Sawa na wenzangu."

Ilikuwa sauti ya kawaida, ya chini, sauti ya mtu anayejisikia anapoongea. Miaka yote hiyo sikuwahi kuisikia.

"Haiwezekani. Masikio yaliyokaa ndani ya matangi hayabaki hivi. Ulikuwa ukiziba na nini?"

Alinitazama kwanza. Yalikuwa macho ya kuomba. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akajibu, "Pamba. Na nta ya mshumaa juu yake, isionekane."

Sijui niseme nini kuhusu hasira iliyonishika. Sikio langu la kulia lilipiga mluzi kana kwamba limesikia lenyewe. Nikamkumbuka akipitisha vidole chini ya kitambaa changu kila asubuhi na kunigonga shavu, "Safi, mwanangu, nenda kazini." Nilimwona mwizi, na aliyeibiwa nilikuwa mimi. Lakini wazo lililonijia haraka zaidi lilikuwa moja: mama asijue. Anaweza kuishi bila masikio, ameshazoea. Bila dada yake, sikujua kama anaweza.

Nikageuka kuangalia benchi. Mama Deok-su alikuwa anamenya chungwa. Mama alikuwa amesimama, pua inakaribia kugusa kioo, anatutazama midomo. Alikuwa amesoma yote.

Tulikuwa tumepanga kwenda kula supu ya nguruwe na wali baada ya vipimo, na kwa kuwa hakuna aliyesema tusiende, tulikwenda. Ile ndiyo safari mbaya kuliko zote nilizowahi kutembea, na ilikuwa ni kuvuka barabara tu. Tukaagiza. Mama Tae-gon alikaa upande wangu mmoja, mama upande wa pili, Mama Deok-su ng'ambo ya meza akiwa ameshaanza kutia vitunguu kwenye supu yake.

Mama hajui tena kuongea taratibu. Kwa hiyo mkahawa mzima ulisikia.

"Nivue kitambaa changu, au utaanza wewe?"

"Mama Pil-sun, watu wanatazama," Mama Tae-gon alisema.

"Watazame! Wewe kila siku ulitupekua. Wewe nani alikupekua?"

"Hakuna."

"Ulitwambia sikio litaota sugu!"

"Nilidhani... Hapana. Sikudhani." Mama Tae-gon aliweka kijiko chini. Alimgeuzia mama uso ili amsome vizuri, na kwa hilo peke yake nilimheshimu kidogo. "Mama Yang-ho alipokufa, msimamizi aliniambia, akimkuta mwingine na pamba atalitimua kundi lote. Nikawavua nyote. Nami nikavua, mbele za Mbingu, nilivua. Nikakaa hivyo mwezi mzima. Sikuweza. Kichwa changu kilikuwa kinanitoka. Nikaziba, nikasema nitawaambia kesho. Kesho nikaona nikiwaambia, nyote mtaziba, tutatimuliwa. Ikawa hivyo, kesho na kesho."

"Na ukajifanya kiziwi!"

"Mlianza kuwa viziwi, ningefanyaje? Ningekaa katikati yenu nasikia?"

"Mnasemaje?" Mama Deok-su aliuliza, mashavu yamejaa. "Nyama haitoshi?"

"Inatosha, kula," nilimjibu kwa mkono.

Nilimwona mama akitafuta kitu mbali sana, na uso wake ukabadilika. Hasira ilimtoka, ikaja kitu kibaya zaidi. Alipoongea tena, sauti yake ilijaribu kuwa ya chini, ikashindwa.

"Dada. Kuna siku tulikaa kwenye mawe, wenzetu wamekwenda kunywa maji. Huyu alikuwa ana miezi michache tu kazini." Alinishika mkono bila kunitazama. "Nilikuuliza. Nilikuuliza taratibu kwa sababu niliona haya, nyapara ni wewe, na mimi ndiye nataka kuvunja amri yako. Nikasema, dada, mtoto analia usiku, anasema masikio yanampigia mluzi. Nikasema, nimruhusu azibe? Unakumbuka?"

Mama Tae-gon alisogeza bakuli lake pembeni.

"Wewe ukaweka mkono hapa." Mama aliweka kiganja nyuma ya sikio lake. "Ukaniambia, eh? Nikaona hujasikia. Nikaona labda ni Mbingu zinanikataza nisiulize. Nikaacha. Sikuuliza tena."

Sikulijua hilo. Miaka yote nilidhani mama hakujali, kwamba alichomoa pamba na kunizaba kofi na mambo yakaishia hapo. Kumbe alirudi nyuma, akaenda kuniombea. Kilichotakiwa ni neno moja tu kutoka kwa mtu mmoja, wakati huo mluzi wangu ukiwa bado wa kuja na kuondoka.

"Ulinisikia?" mama aliuliza.

Mwenye mkahawa alikuwa ameacha kuosha vyombo.

"Nilikusikia," Mama Tae-gon alisema. "Kila neno."

Mama alimtazama mdomo mpaka ulipofungwa. Kisha akafumba macho.

Kwa mtu asiyesikia, kufumba macho ni kuondoka. Mama alikaa pale palepale, mgongo wima, supu inapoa mbele yake, na hakuwapo. Mama Tae-gon aliendelea kusema. Alisema aliona haya. Alisema aliwahi kufika mpaka mlangoni kwetu mara nyingi akarudi. Alisema kwamba uji ule wa shayiri haukuwa wa uongo, kwamba hakuna alichokifanya na mama ambacho kilikuwa cha uongo ila hicho kimoja. Alilia, kamasi zikamtoka, akajifuta kwa mkono wa gauni. Mama Deok-su akampa chungwa. Mama hakufumbua.

Mwishowe Mama Tae-gon alinigeukia mimi.

"Pil-sun, mwanangu. Mguse mama yako. Mwambie anitazame, mara moja tu."

Mkono wa mama ulikuwa bado juu ya wangu. Ningeweza kuubonyeza kwa kidole kimoja naye angefumbua macho. Nilikuwa nimempa Mama Tae-gon upande wa sikio la kushoto, na nilimsikia vizuri.

Nikaweka kiganja nyuma ya sikio, nikamwambia, "Eh?"